MKONO UKIKATWA, TUULIZE MASHINE KWANZA



Mfanya kazi akiumia kiwandani, neno la kwanza linaloandikwa juu yake ni "uzembe". Vidole vimekwenda, damu ingali sakafuni, na karatasi ya ofisini imekwisha kusema kwamba mtu huyu hakuwa mwangalifu. Halafu kibao kipya chatundikwa ukutani kuwaambia watu wajihadhari. Mashine yafutwa, yawashwa tena, na mtu mwingine aitwa asimame pale pale aliposimama mwenzake.

Katika toleo hili twataka kusema wazi kwamba hatuukubali mwendo huo. Hatusemi kwamba hakuna mfanya kazi mzembe. Wapo, na habari zao tutazitaja huko mbele. Lakini twasema kwamba ajali ya kiwandani haianzi siku ile mtu anapoumia. Huwa imeanza zamani, katika amri zilizotolewa, katika fedha zilizokataliwa, na katika malalamiko yaliyopuuzwa. Kwa hivyo dawa yake nayo haianzi kwa mtu aliyeumia. Yaanza kwa mashine, na kwa wale wenye amri juu ya mashine. Na sisi wafanya kazi tunayo haki, kwa sheria ya nchi hii, ya kuketi mezani pamoja nao na kuuliza.

AJALI HUTENGENEZWA VIPI

Tuchukue mfano wa mashine ya presi, ile ya kukata na kukunja bati, kwa kuwa wengi wetu twaijua. Mashine hii hupaswa kuwa na kinga yake, yaani ngao ya chuma au ya wavu isiyomruhusu mtu kutia mkono chini ya kichwa cha presi wakati kinaposhuka. Mwezi mmoja kinga yalegea. Fundi asema spea yatakiwa. Aambiwa itaagizwa. Spea haiji. Bati laanza kukwama kwenye kinga, kazi yachelewa, na malipo ni kwa hesabu ya vipande. Nyapara asema, "Toeni hicho kitu, oda ya leo lazima itoke." Kinga yaondolewa na kuwekwa kando ya ukuta.

Wiki za kwanza haumii mtu. Kazi yaenda mbio, na ile hesabu kubwa iliyopatikana bila kinga yafanywa kuwa ndicho kipimo cha kila siku. Sasa hata mtu akitaka kuirudisha kinga hawezi, kwa sababu hatatimiza kipimo. Kisha aja kibarua mgeni. Ameonyeshwa kazi kwa dakika tano. Zamu ni ya usiku, saa kumi za alfajiri, naye amesimama tangu jioni. Mkono wake wabaki chini ya presi.

Ndugu, mzembe ni nani hapa? Tuwahesabu. Yuko aliyekataa kununua spea. Yuko aliyeamuru kinga itolewe. Yuko aliyepanga kipimo kisichoweza kutimizwa na mashine yenye kinga. Yuko aliyemweka mgeni kazini usiku bila kumfunza. Yuko aliyepewa kazi ya kukagua asikague. Wote hao walikwisha kufanya makosa yao kabla kibarua yule hajapita langoni. Yeye ni wa mwisho katika mstari, naye ndiye pekee aliyetoka damu.

Ndiyo maana twasema: mkono ukikatwa, swali la kwanza lisiwe "Alikuwa akifanya nini?" Liwe, "Mashine hii iliwezaje kuufikia mkono wake?"

DAWA ZINA MPANGO WAKE

Watu waliosomea mambo ya usalama wa viwanda wamekubaliana juu ya mpango wa dawa, nao una ngazi tano. Yafaa kila mwanachama azijue kwa moyo, kwa maana akizijua hatadanganywa kwa jozi ya glavu.

Ya kwanza ni kuiondoa hatari yenyewe. Kama kuna mtu anayepanda juu ya tangi kila siku kusoma kipimo, kipimo kishushwe chini naye asipande tena.

Ya pili ni kubadili kitu kibaya kwa kingine chenye nafuu. Kama gundi ya viatu yatoa mvuke unaolevya na kuumiza kichwa, itafutwe gundi ya maji inayofaa kazi ile.

Ya tatu ni kuizuia hatari isimfikie mtu: kinga juu ya mashine, ukuta kuzunguka mtambo wenye kelele, feni ya kuvuta vumbi pale pale linapotoka kabla halijafika puani.

Ya nne ni kupanga kazi vizuri: kufunza watu kabla ya kuwaweka mashineni, kupunguza saa za kukaa penye hatari, kuweka amri zinazoeleweka kwa lugha ya watu wenyewe.

Ya tano, tena ya mwisho, ni vifaa vya kuvaa: glavu, buti, miwani, vizibo vya masikio, barakoa.

Sasa tazameni viwanda vingi vinavyofanya. Vyaanza na ya tano na kuishia hapo hapo. Kwa nini? Kwa sababu glavu ni rahisi kuliko feni, na kwa sababu ukimpa mtu glavu umempa na lawama pia. Akiumia, utauliza kama alizivaa. Hatukatai vifaa vya kuvaa. Twavitaka, vizuri na vya kumfaa kila mtu, wala si vya kupasuka baada ya siku mbili. Kwa sheria mwajiri ndiye wa kuvitoa. Lakini mahali palipo na mashine isiyo na kinga, glavu hazizuii meno ya gia. Tena penye mashine inayozunguka, kama vile bomba la kutobolea, glavu yaweza kunaswa na kuuvuta mkono wote.

Na hapa twataka kusema habari ya maziwa. Katika viwanda na karakana nyingi za nchi yetu, watu wa vumbi na watu wa rangi hupewa paketi ya maziwa, ati maziwa huosha kifua. Ndugu, maziwa ni chakula chema, nayo hushuka tumboni. Vumbi limo mapafuni. Njia ni mbili. Mtu akipewa maziwa badala ya feni, anywe maziwa yake, kisha aiulizie feni.

MASHINE IKISAFISHWA

Wengi huumia wakati mashine isipokuwa kazini kabisa, yaani wakati wa kuisafisha, kuitengeneza, au kutoa kitu kilichokwama. Fundi yumo ndani ya kinu cha kuchanganya, na mtu wa upande wa pili, asiyejua lolote, abonyeza swichi.

Dawa yake yajulikana wala si ya gharama kubwa. Fundi kabla hajaingia aizima swichi kubwa na kuifunga kwa kufuli. Kufuli ni lake peke yake, na ufunguo wa pekee uwe mfukoni mwake. Wakiwa mafundi watatu, ziwekwe kufuli tatu, wala mashine isiwake mpaka wa mwisho atoe lake. Atundike na kibao chenye jina lake. Kisha aijaribu mashine kuona kama kweli imekufa, na atoe nguvu iliyobaki ndani, kama mvuke, hewa ya kusukuma, au springi iliyokazwa. Baada ya hayo ndipo aingie.

Tuulizane: katika kiwanda chako, mafundi wanazo kufuli hizo? Kama hawana, jambo hili liwe la kwanza katika mkutano ujao. Meneja anayesema hana pesa za kufuli na aulizwe ghala lake alifunga kwa nini.

MAGONJWA YASIYOTOA DAMU

Ajali ya presi huonekana na kila mtu. Lakini yako mambo yanayoua polepole, na hayo ndiyo yanayoua wengi zaidi. Shirika la Kazi Duniani, katika makadirio yaliyotolewa mwaka 2023, lilisema kwamba watu karibu milioni 3 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kazi. Kati yao, kama 330,000 hufa kwa ajali, na kama milioni 2.6 hufa kwa magonjwa yaliyotokana na kazi. Maana yake ni kwamba kwa kila mmoja anayekufa kwa ajali, wengine karibu 8 huondoka kimya, nyumbani au hospitali, wala hakuna aliyesimamisha mashine kwa ajili yao.

Vumbi la pamba ni mfano mzuri. Mtu wa kiwanda cha pamba au cha nyuzi hupumzika mwisho wa wiki, akirudi kazini Jumatatu kifua chambana, na siku zikienda apata nafuu. Jumatatu nyingine yarudi. Yeye asema ni homa tu, na waganga wa zamani waliuita ugonjwa huo homa ya Jumatatu. Akiendelea miaka mingi, kifua chambana siku zote, na hapo hakuna kurudi nyuma. Ugonjwa huu wajulikana na madaktari tangu zamani. Mtu asiambiwe amelogwa, wala asiambiwe ni sigara tu.

Kelele nayo ni hivyo hivyo. Kanuni za Kenya za mwaka 2005 zasema mtu asiwekwe penye kelele inayozidi desibeli 90 kwa saa 8 za kazi. Nanyi mjue kwamba kelele ikipanda kwa desibeli 3 tu, nguvu yake imekuwa mara mbili. Kama hamna chombo cha kupimia, jaribuni hivi: simameni wawili, mmoja amfikie mwenzake kwa mkono. Mkilazimika kupiga makelele ili msikilizane, basi mahali hapo panataka kupimwa. Sikio lililokufa kwa kelele halifufuki, wala hakuna dawa yake. Mzee anayekaa kimya barazani huku wajukuu wakicheka, pengine si mkimya. Pengine alikuwa mtu wa kiwanda.

MLANGO ULIOFUNGWA NA UKUTA ULIOPASUKA

Wako watakaosema kwamba haya ni maneno ya kutafuta ugomvi, na kwamba mfanya kazi mwema hufanya anavyoambiwa. Tuwaeleze mambo mawili yaliyotokea nchi za mbali, katika viwanda vya nguo, kwa maana nguo hushonwa namna moja kila mahali, nasi hapa Kenya tunao dada na ndugu wengi katika kazi hiyo.

Tarehe 25 Machi mwaka 1911, huko New York, Marekani, moto uliwaka katika kiwanda cha Triangle, kilichokuwa katika orofa za juu za jengo refu. Mlango mmoja wa kutokea ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Watu 146 walikufa, wengi wao wasichana na wanawake, na baadhi waliruka madirishani. Baada ya msiba huo wafanya kazi waliandamana, na sheria nyingi za viwanda zikatungwa katika jimbo lile. Zaidi ya miaka mia imepita, na hata leo wako mabwana wanaofunga milango usiku, ati watu wasiibe. Sheria ya Kenya yakataza. Maadamu kuna mtu ndani, mlango usifungwe kwa namna ambayo hauwezi kufunguliwa mara moja kutoka ndani.

La pili ni la karibu zaidi. Tarehe 23 Aprili mwaka 2013, huko Bangladesh, nyufa kubwa zilionekana katika jengo la orofa nyingi lililoitwa Rana Plaza. Ndani yake mlikuwa na viwanda vya nguo, na chini yake maduka na benki. Watu walitolewa nje. Kesho yake benki haikuwarudisha watu wake, na maduka yalikuwa yamefungwa. Lakini watu wa cherehani waliamriwa warudi kazini, na wengi waliogopa kukosa mshahara wao. Asubuhi hiyo ya tarehe 24 jengo liliporomoka. Watu 1,134 walikufa, na zaidi ya 2,000 waliumia.

Ndugu, ukuta ulikuwa mmoja na ufa ulikuwa mmoja. Wa benki waliuona na wa cherehani waliuona. Waliokufa hawakukosa macho wala akili. Walikosa nguvu ya kusema "Hatuingii" bila kufukuzwa. Hawakuwa na chama chenye nguvu katika viwanda vile. Mwezi uliofuata, yaani Mei 2013, vyama vya wafanya kazi vya kimataifa vilitia sahihi mapatano na makampuni makubwa yanayonunua nguo, mapatano yenye nguvu ya sheria, na majengo ya viwanda zaidi ya 1,000 yakakaguliwa. Nyufa, milango ya moto na nyaya mbovu zilitengenezwa, na kamati za usalama zikaundwa. Hayo yote yaliwezekana. Yaliwezekana hata kabla watu 1,134 hawajafa.

SHERIA YETU YASEMAJE

Kenya haikosi sheria. Sheria ya viwanda ilitungwa mwaka 1950 wakati wa ukoloni. Leo twatumia Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007, na Katiba ya mwaka 2010 katika kifungu cha 41 yampa kila mfanya kazi haki ya masharti ya kazi yanayofaa. Mwaka 2022 mataifa yaliyokutana katika Shirika la Kazi Duniani yaliamua kwamba usalama na afya kazini ni haki ya msingi, sawa na haki ya kuunda chama. Tena Mkataba namba 155 wa Shirika hilo wasema kwamba hatua za usalama zisimgharimu mfanya kazi hata senti.

Katika sheria ile ya 2007, yako mambo ambayo kila mjumbe wa chama kiwandani lazima ayajue:

Kwanza, kiwanda chenye watu 20 au zaidi lazima kiwe na kamati ya usalama na afya. Kanuni za mwaka 2004 zasema nusu ya kamati iwe ya wakubwa na nusu iwe ya wafanya kazi waliochaguliwa na wenzao. Kiwanda cha watu 20 hadi 100, watatu kila upande. Kikizidi 100, watano kila upande. Kikizidi 1,000, saba kila upande. Kamati ikutane angalau mara moja kila miezi mitatu.

Pili, kila mwaka kiwanda kikaguliwe na mtaalamu wa usalama aliyeandikishwa, na ripoti itolewe.

Tatu, mfanya kazi anayeona hatari kubwa iliyo karibu amweleze msimamizi wake mara moja. Na mpaka hatari hiyo itakapoondolewa, mwajiri hana ruhusa ya kumlazimisha arudi mahali hapo.

Nne, mwajiri asimfukuze wala asimwonee mtu kwa sababu amelalamika juu ya usalama, au kwa sababu yumo katika kamati.

Tano, mtu akifa kwa ajali, Idara ya Usalama na Afya Kazini iarifiwe kabla ya saa 24, na barua ipelekwe kabla ya siku 7. Mtu akiumia bila kufa, barua nayo ipelekwe kabla ya siku 7.

Watu wa Rana Plaza walihitaji lile neno la tatu na la nne. Sisi tunayo yote mawili katika karatasi. Kazi iliyobaki ni kuyatoa katika karatasi na kuyatia kiwandani, na kazi hiyo haitafanywa na inspekta peke yake. Mainspekta ni wachache na viwanda ni vingi. Inspekta huja siku moja, na mara nyingi siku hiyo sakafu imeoshwa. Sisi tuko pale kila siku.

KAMATI SI YA CHAI

Kwa hivyo kamati ndiyo chombo chetu. Lakini twajua pia kwamba viwanda vingine vina kamati ya jina tu. Meneja huchagua watu wake, huitwa mara moja kwa mwaka, hupigwa picha, hunywa chai, na karatasi ya kumbukumbu huandikwa na karani kabla ya mkutano. Kamati ya namna hiyo ni mbaya kuliko kukosa kamati, kwa sababu ajali ikitokea sahihi yetu imo.

Twataka kamati ifanye hivi. Wajumbe wetu wachaguliwe kwa kura, mbele ya wanachama. Awemo mwanamke mahali palipo na wanawake, kwa maana mama mjamzito penye mvuke wa kemikali ana haja ambayo wengine hawaijui. Awemo mtu wa zamu ya usiku. Vibarua wasikilizwe, kwa kuwa wao ndio hupewa kazi mbaya zaidi na mafunzo machache zaidi. Wajumbe wafundishwe kazi yao, na mafunzo hayo yalipwe na mwajiri.

Kabla ya kila mkutano, wajumbe wazunguke kiwanda wakiwa na kalamu na daftari. Waandike kinga iliyotoka, waya uliochunika, mlango uliozibwa kwa magunia, mtungi wa kuzima moto uliopitwa na tarehe, pipa lisilo na jina la kilichomo. Kila jambo liwe na mstari wake: hatari ni nini, iko wapi, nani ataitengeneza, na lini. Mkutano unaofuata uanze kwa kuisoma mistari hiyo. Isiyotimizwa isomwe tena kwa sauti, pamoja na jina la aliyeahidi.

Tena liwepo daftari la nusura. Gunia limeanguka karibu na mguu wa mtu, lakini halikumwumiza. Nyuzi ya umeme imerusha cheche, lakini haikuwaka. Watu hucheka na kusema, "Mungu ni mkubwa." Kweli ni mkubwa, lakini gunia lile litaanguka tena. Liandikwe leo wakati halina damu. Na mtu anayeandikisha nusura asiadhibiwe, maana ukimwadhibu mmoja, kiwanda kizima kitanyamaza.

MANENO KWETU WENYEWE

Tuliahidi kusema habari za wazembe. Yuko mwanachama anayefunga kinga kwa waya ili apate vipande zaidi, halafu hujisifu kwa wepesi wake. Yuko anayekuja zamu ya usiku amelewa, na kuyahatarisha maisha ya mwenzake wa upande wa pili wa mashine. Yuko anayeuza buti alizopewa. Hao hatuwatetei. Sheria yenyewe yampa mfanya kazi wajibu wa kujilinda na kuwalinda wenzake, na kutumia vifaa alivyopewa.

Lakini liko kosa kubwa zaidi, nalo ni la kuuza hatari. Katika majadiliano, husikia watu wakisema, "Vumbi liacheni, tuongezeeni marupurupu ya vumbi." Shilingi hizo huliwa mwisho wa mwezi, na vumbi hubaki mapafuni. Tena mwajiri akisha kulipia hatari, haoni sababu ya kuiondoa. Chama kidai mshahara mzuri kwa kazi, na kidai feni kwa vumbi. Ni madai mawili, yasichanganywe.

Na kipimo cha kazi nacho kiingie katika majadiliano. Kipimo kisichowezekana mpaka kinga itolewe, hicho ni amri ya kutoa kinga, hata kama hakuna aliyeitamka.

MTU AKISHA KUUMIA

Kuna sheria nyingine ya mwaka 2007, ya malipo kwa walioumia kazini, ambayo wengi huiita WIBA. Chini ya sheria hii aliyeumia hahitaji kuthibitisha kosa la mwajiri ndipo alipwe. Ugonjwa uliotokana na kazi nao umo. Kibarua naye ni mfanya kazi mbele ya sheria hii. Mtu akifa kazini, au akilemaa kabisa asiweze kazi tena, malipo huhesabiwa kwa mapato ya miezi 96, na aliyepoteza sehemu ya mwili hulipwa kwa kiasi cha kilema chake.

Kwa hivyo mwenzenu akiumia, fanyeni haya: apelekwe hospitali kwanza; mwajiri aarifiwe siku hiyo hiyo, tena kwa maandishi; majina ya walioona yaandikwe; mashine ipigwe picha kabla haijatengenezwa; na madai yapelekwe kwa Idara kabla ya miezi 12 kupita. Asitie sahihi karatasi yoyote asiyoielewa, hata akipewa pesa mkononi kitandani. Amwite mjumbe wa chama kwanza.

Lakini tusifikiri kwamba malipo ndiyo ushindi. Mapato ya miezi 96 ni miaka 8. Kijana wa miaka 25 ana miaka mingi zaidi ya hiyo ya kuishi bila mkono.

TWATAKA NINI SASA

Kwa mabwana wenye viwanda twasema hivi: hatuji kuharibu kazi. Kiwanda ndicho chakula chetu kama kilivyo chakula chenu. Mashine iliyosimama kwa ajali haitoi mali, na fundi aliyezoea kazi akipotea hapatikani sokoni kesho. Itisheni kamati, tuleteeni ripoti ya ukaguzi wa mwaka tuisome, nasi tutafanya sehemu yetu.

Kwa kila tawi twasema: kabla ya mwisho wa miezi mitatu ijayo, mtuletee majibu ya maswali manne. Je, kiwanda chenu kina kamati iliyochaguliwa na wafanya kazi? Ilikutana lini mara ya mwisho? Ni mashine gani isiyo na kinga, na imekaa hivyo tangu lini? Ni mlango gani hufungwa wakati watu wamo ndani? Majibu hayo yatatangulia mbele yetu katika meza ya majadiliano. Tawi lisilo na kamati litasaidiwa kudai kamati, na mwajiri anayekataa tutampeleka kwa Idara.

Na kwa kila mwanachama: kesho asubuhi kabla hujabonyeza swichi, itazame mashine yako. Kama kinga haipo, usianze. Mwite mjumbe wako, na wenzako wasimame pamoja nawe. Mtu mmoja akikataa ataitwa mkaidi. Zamu nzima ikikataa, spea itapatikana.

Kidole kimoja hakivunji chawa. Lakini vidole vyote kumi twavitaka, tena tuende navyo nyumbani kila jioni.

UMOJA NI NGUVU.